Sauti ya Mzee Luhende Kwenye Gari Langu

Aibu hii nimekaa nayo miaka, na kila nikianza kuisimulia mke wangu anainuka anaenda kupanga vyombo ambavyo alikwishavipanga. Naisema leo kwa sababu juzi hapa kwenye mashine jamaa mmoja aliisimulia akaikosea, akasema siku ile nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa, pombe siinywi, nilikuwa na akili zangu zote, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mimi ni Masanja. Hapa Majimoto ukisema Masanja watu watakuuliza yupi, ukisema Masanja wa mashine hakuna anayekuuliza tena. Shule niliishia darasa la nne, nikaja huku nafuata ng'ombe za baba kutoka Usukumani nikiwa na kaptula moja, na leo nina mashine tatu za kukoboa mpunga na nyumba ya bati la rangi, na mwaka ule ninaousema nilikuwa nimenunua gari dogo jeupe la Kijapani, la kwangu mwenyewe, sikuchangiwa na mtu (walionicheka kwamba sijui kusoma walikuwa wanaendesha baiskeli, nikiwapita nilikuwa napiga honi mara mbili, moja ya salamu na moja ya kuwakumbusha).

Sasa mdogo wake mke wangu, Minza, alikuwa anaolewa. Minza hakumwona baba yake. Mzee Luhende alifariki mimba yake ikiwa na miezi sita, lakini alipoona ugonjwa umemzidi aliita mtu mwenye redio ya kaseti inayorekodi, akarekodiwa: upande wa kwanza anaimba ng'ombe zake, anazitaja moja moja kwa rangi zake na mito waliyovuka nazo mpaka kufika huku Mpimbwe, na upande wa pili anaongea na watoto wake kila mmoja kwa jina, na mwisho kabisa anaongea na aliye tumboni. Kanda ile mama mkwe aliitunza kwenye kopo la unga miaka yote hiyo. Redio yao ilikufa Minza akiwa hajaanza hata kutambaa, na mama hakukubali kanda iende kwa jirani, kwa hiyo mtoto akakua anajua kwamba sauti ya baba yake ipo ndani ya kopo, na hajaisikia. Alisema kitu kimoja tu kuhusu harusi yake, kwamba siku ya kuagwa anataka kumsikia baba kabla hajatoka nyumbani.

Nani wa kuifanya kazi hiyo kama si mimi? Nikasema kanda za kaseti zimepitwa na wakati, leteni, nitaipeleka Mpanda ichomwe kwenye sidii, na siku hiyo mzee ataongea kupitia redio ya gari langu, milango yote minne wazi, mpaka Kibaoni nzima, kijiji chao, isikie. Mama mkwe alinitumia kanda kwa mkono wa mke wangu, imefungwa kwenye kipande cha kanga, kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani vitu mkononi wala hawatazamani usoni. Akatuma na neno, kwamba nimwambie fundi asiikate.

Mpanda nilikwenda kwa Bwana Sudi, mwenye duka la vitambaa ambaye kwenye kona amejibana na kompyuta yake anachomea watu nyimbo. Mtu mpole, anaongea taratibu kama anapima kitambaa. Sidii ya kwanza akachoma, nikaiingiza kwenye redio ya gari, redio ikaimeza, ikanguruma tumboni, ikaandika maneno ya Kijapani, ikaitema. Ya pili vilevile. Mimi nikaanza kupandisha sauti kwamba ananichezea, gari ni zima, limetoka Japani halijaguswa. Sudi akanieleza kwamba redio hizi za zamani zinachagua, hazitaki nyimbo zilizobanwa kama za kwenye simu, zinataka sidii ichomwe kwa mtindo wa zile za dukani, na ichomwe polepole. Ile ya tatu ikakubali. Nakwambia nilikaa kwenye kiti cha dereva, mzee akakohoa kwanza, halafu akaanza kuimba, nywele zikanisimama.

Na hapo ndipo lilipoingia lile wazo dogo. Niliwaza, sauti hii isikike kwenye gari langu tu. Anayeitaka aje kwangu, akae kwenye kiti changu, aseme Masanja tuwashie mzee. Basi. Wazo lenyewe ni hilo, dogo kabisa, na kila ujinga uliofuata ulitoka humo.

Kwanza nikamwambia Sudi afute kwenye kompyuta, nisije siku moja nikasikia mkwe wangu anauzwa stendi pamoja na nyimbo za vijana. Sudi akasema, "Kaka, acha nikuwekee. Sidii ni kitu cha kuchubuka." Nikasimama nyuma yake mpaka nikaona amefuta, na nikamuuliza kama hakuna pahali pengine kompyuta inaficha, akafuta na huko. Zile mbili zilizogoma nilizichukua nikampa mlinzi wa shamba azitundike kwenye mpunga zitishe ndege, maana zinang'aa vizuri.

Halafu nikaona sidii yenyewe haina sura, haioneshi imetoka kwa nani, nikapita kwa wachapishaji nikatengenezewa stika ya duara, picha yangu katikati nimevaa suti, na chini MASANJA RICE MILL. Nikaibandika kwa mikono yangu, nikaisugua na kitambaa ishike. Sudi aliiona akasema gundi ya karatasi na joto la redio havipatani. Nilimwambia auze vitambaa.

Na kanda? Kanda nikaona kazi yake imekwisha. Pale mashine nilikuwa na spika ya tarumbeta inayotangaza siku za gulio, inatumia kaseti, na kaseti yake ilikuwa imeanza kukwaruza, nikaingia nyuma ya stoo nikarekodi tangazo jipya juu ya kanda ya mzee.

Siku ya kumuaga Minza nilifika Kibaoni saa nane mchana, jua limekaa utosini, nimetoka Mpanda kuchukua keki. Na ile barabara ya mbugani mnaijua, ukifungua kioo mbung'o wanaingia wanakuchoma mpaka unaendesha gari kwa viwiko, kwa hiyo nilikuja vioo juu njia nzima, na kipoza hewa cha gari kilikuwa hakifanyi kazi, ndani kulikuwa kama tanuri la matofali. Sidii ilikuwa ndani ya redio tangu asubuhi. Sikutaka kuitoa, isije ikaingia vumbi.

Nikaingiza gari katikati ya uwanja, mbele ya wazee wa upande wa bwana harusi. Nimekuja na ile spika ya mashine pia, na redio yake ya kaseti, nikijua nitaiunganisha na gari sauti iende mbali. Mama mkwe akawekewa kigoda pembeni, amenipa mgongo kama heshima yetu ilivyo, kanga kichwani. Minza akaletwa amefunikwa, akakalishwa kwenye mkeka karibu kabisa na mlango wa gari. Nikahutubia. Nilihutubia sana, nilianzia kwenye ile kaptula moja. Shemeji yangu Shija, kaka yake Minza, akanong'ona kwamba Masanja, watu wanaungua jua, tuwashie mzee.

Nikabonyeza. Redio ikanguruma. Ikanguruma tena. Ikaandika Kijapani chake. Nikabonyeza itoke nianze upya, ikajaribu kuitema, sidii ikachomoza ukingo kama ulimi, ikarudi ndani, ikakaa. Nikabonyeza kila kitu chenye umbo la kitufe. Ikaja stesheni ya redio, mtu anasoma habari za mbolea. Wazee wa upande wa pili wakasikiliza kwa adabu, mmoja akauliza kama huyo ndiye marehemu.

Jasho likaanza kunitoka mpaka kwenye soksi. Shija akaja na kisu cha jikoni na bisibisi, tukaing'oa dashibodi mbele za watu, gari jipya lile, nyaya zinaning'inia, wanawake wameacha vigelegele. Ile stika ilikuwa imelegea kwa joto, imejikunja, imegandamana na matumbo ya redio. Shija akasema tuifungue polepole, apate vifaa kesho. Kesho Minza hayupo. Nikaishika sidii nikaivuta.

Ilitoka. Ilitoka nyeupe, unaona upande wa pili kama kioo cha dirisha. Ile rangi ya fedha yote ilibaki kwenye gundi, nyuma ya picha yangu, vipande vipande. Sikuwa najua kwamba sauti inakaa kwenye ile rangi. Shija alikuwa anajua, nilimwona usoni.

Nikampigia Sudi simu nikiwa nimejikunja nyuma ya gari. Akasema taratibu kama kawaida yake, "Uliniambia nifute, kaka, nikafuta. Zile mbili za kwanza je? Zile kompyuta inazisoma." Nikampigia mlinzi wa shamba. Akasema moja imepeperuka, nyingine ipo, jua na mchanga vimeifanya kama ganda la yai, lakini ndege hawasogei, bosi.

Hapo Shija akasema kwa sauti, kila mtu akasikia, "Si kanda yenyewe ipo? Hii hapa kwenye redio ya spika." Kweli ilikuwemo, hata sikuwa nimeitoa. Ningesema hapo, ingekuwa nafuu. Lakini nilijiambia kwamba nilirekodi upande mmoja tu, upande wa ng'ombe, na maneno ya Minza yako upande wa pili, pengine Mungu amenihurumia. Nikageuza kanda mwenyewe. Nikasogeza mpaka mwisho mwisho, maneno ya aliye tumboni yalipokuwa. Nikawasha.

"Mpunga wako una thamani, usiupeleke kwenye mashine za kubahatisha. Njoo kwa Masanja. Masanja hakati punje." Ni mimi. Sauti yangu, kwa tarumbeta, Kibaoni nzima. Ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimejaza pande zote mbili ili siku za gulio mtu asisumbuke kugeuza. Upande wa bwana harusi walicheka, sikuwalaumu, wao walidhani ni sehemu ya shughuli. Upande wetu hakucheka mtu. Nilizima.

Minza akafunua uso. Alikuwa halii. Akaniuliza taratibu, kama mtu anauliza njia, "Shemeji, wewe si ulimsikia juzi? Alisemaje kwangu?"

Sasa niwaambie ukweli ambao huyo jamaa wa juzi hakuujua. Siku ile nilipotoka kwa Sudi nilikuwa naenda Kakese kuangalia mpunga wa mtu, mzee akawa anaimba ng'ombe nami naimba naye, na alipoanza kuongea na watoto simu ikaita, ni mteja, nikapunguza sauti ya redio. Tuliongea magunia mpaka Kakese. Nilipomaliza simu, mzee naye alikuwa amemaliza. Nikasema moyoni, nitamsikia na wenzangu siku ya shughuli. Mtu wa mwisho duniani kukaa na ile sauti nilikuwa mimi, na nilimpunguza ili nipange bei.

Nikafungua mdomo nikaanza kutunga. Nikasema baba amekubariki, amesema umheshimu mume wako, upendane na mawifi zako, na nilikuwa naendelea vizuri kabisa, mdomo huu haujawahi kukosa maneno, mpaka nikaona kigoda kinageuka. Mama mkwe aligeuka mzima mzima, kanga imemshuka mabegani, akanitazama usoni. Miaka kumi na sita nimemuoa binti yake hajawahi kunitazama. Sikuwa najua kwamba macho yake yana rangi ya Minza.

"Nyamaza, baba," akaniambia. Basi.

Halafu akamwambia mtoto wake yale maneno, kwa Kisukuma, bila kubabaika, kama mtu anayeyasema kila siku. Kwamba aliye tumboni, akiwa wa kike, siku ya kutoka hapa asitoke anaangalia chini, mwambieni nimesimama mlangoni.

Minza akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia mama yake, "Maneno ninayo, mayu. Umeniambia tangu mdogo. Nilitaka kumsikia yeye."

Wakamfunika, wakamnyanyua, wakaondoka naye kwa gari la watu wengine, maana langu halikuwaka tena, kuna waya tulikata. Alipopita kwenye mlango wa ua aliangalia chini. Nilimwona, nilikuwa nimesimama pale na bisibisi.

Minza ana watoto watatu sasa, tunatembeleana, ananikaribisha vizuri, ananipikia. Gari bado ninalo, pale pa redio nimepaacha tundu na sitapaziba. Mashine zipo tatu siku hizi, msije mkadhani nimefilisika. Lakini tangazo lile nililitupa chooni, na tangu siku ile mtu akianza kuongea na simu ikaita, naiacha iite, hata awe mteja wa magunia mangapi, na sitamwambia tena mtu yeyote kitu chake kimepitwa na wakati. Mama mkwe naye amerudi kunipa mgongo kama zamani. Watu wanaona ni heshima. Mimi na yeye tunajua.