Kidonda Nilichokiziba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ndevu zangu bado zinahesabika, niliharibu mtakatifu wa watu.

Usicheke bado. Wakati ule nilikuwa nakalafati mitumbwi, naziba nyufa zake, hapa Rumonge kando ya ziwa: pamba, mawese, nyundo, basi. Mtumbwi uliopita mikononi mwangu haukuingiza maji, uliza yeyote mpaka Magara. Shule niliiachia darasa la tatu, lakini leo nina mitumbwi yangu mitano, na sikubebwa na mtu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikula kwa methali hiyo.

Basi padiri akaniita nipake rangi upya sanamu ya zamani kanisani, iliyoletwa na mapadiri wa kwanza. Mtakatifu wa nyakati za tauni: amesimama na mbwa wake, amepandisha kanzu, kidole kinaonyesha paja. Pajani pana shimo jekundu. Mimi nikaona nini? Ufa. Nikaziba kwa plasta, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Paja likang'aa kama la bwana harusi.

Kesho yake wanakwaya walicheka mpaka wakashindwa kuimba. "Fundi," mmoja akaniuliza, "huyu sasa anatuonyesha nini? Ameumwa na mbu?" Nilinuna. Nikajiambia wananionea wivu.

Mama Kezia hakucheka. Alikuwa mjane muuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na siku hizo aliketi benchi la nyuma peke yake, kitenge kinaburuta chini. Watu walipotoka, akanizuia.

"Kijana, kidonda chake iko wapi?"

"Nimekiponya, mama."

"Weye uponye mutu?" Akatikisa kichwa. "Mwezi muzima nakuja kumutazama. Najiambia, kama mutakatifu anapandisha nguo mbele ya kanisa lote, na miye nitaweza mbele ya muganga. Sasa na yeye umemufundisha kuficha."

Nilichukua patasi nikalifungua paja. Lakini plasta ilipotoka, sikujua tena kidonda kinakaaje. Nikamwambia ukweli: mimi najua mbao, mwili siujui.

Akarudisha mlango, akapandisha kitenge mpaka chini ya goti.

"Tazama vizuri basi. Na usizibe pua, nitakuona."

Nilitazama kidonda chake. Pembeni peusi, katikati pabichi. Nikachonga na kupaka rangi huku namwangalia, naye ananisahihisha kama mwalimu: "Ongeza manjano. Hapo umenipendelea." Tukacheka wote wawili, ndani ya kanisa, Mungu atusamehe.

Aliyekwisha kumwonyesha mmoja, wa pili si kazi. Siku ileile nilimpakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Muuguzi alimkaripia kwa kuchelewa, akamsafisha, na baada ya majuma mengi kidonda kikafunga. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye na kifo walipishana njiani.

Sasa nisikilize. Mtu akikuonyesha panapomuuma, usikimbilie kupafunika ili wewe uonekane fundi. Tazama kwanza. Uliza. Vumilia harufu. Na siku ukiumwa wewe, pandisha nguo mapema, maana aibu haijawahi kumtibu mtu, hata mwenye mitumbwi mitano.

Nenda, mwanangu. Mungu akuzeeshe ukiwa mzima, na ukiugua akupe wa kukutazama bila kugeuza uso.