Kipimo cha Redio ya Baba

Nilirudi nyumbani Buigiri kutoka chuoni Chimwaga na kifaa changu ndani ya boksi la viatu: chipu ndogo yenye programu niliyoiandika mwenyewe, maiki, na safu kumi za vitaa. Muziki ukipigwa, kila safu inapanda kwa kadiri ya sauti yake, nzito kushoto, nyembamba kulia. Nilijiona fundi kwelikweli.

Redio ya baba ilikaa sebuleni, vitufe vyake vya kutelezesha vya sauti nyembamba vimesukumwa juu hadi mwisho. Ilikera masikio. Kila jioni aliweka kanda ileile ya kwaya, ambamo marehemu mama anaimba sauti ya kwanza, ile nyembamba ya juu, akasogea karibu na spika. Nikasema ngoja nimrekebishie. Nikawasha kifaa changu, nikapitisha kwenye redio mvumo wa kupimia kutoka kwenye simu, wenye sauti zote nzito na nyembamba kwa pamoja, nikashusha vitufe kimoja kimoja mpaka vitaa vyote vikalingana. Baba alisikiliza wimbo mzima ameinamisha kichwa, akasema imekuwa nzuri, akanishukuru. Nikarudi chuo kujisifu kwa wenzangu.

Pasaka nikaikuta redio imefunikwa kitambaa. Nikamuuliza kama imeharibika.

"Redio nzima," alisema. "Ila tangu uitengeneze, mama yako simsikii. Wenzake nawasikia."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Wala vitufe hakuvigusa tena, asije akaharibu kazi ya mwanawe. Moyo uliniuma, na unaniuma hadi leo. Nilipima spika, nikapima sebule hadi kwenye kona. Masikio ya baba yangu, yaliyokuwa yanazeeka, sikuwa na habari nayo. Vile vitufe ndivyo vilivyomfikishia sauti ya mkewe, na mimi msomi nikavishusha.

Nikavirudisha vyote juu, nikaweka kanda. Lakini miezi ilikuwa imepita na usikivu wake ulizidi kufifia. Alitega sikio kwenye spika, akatikisa kichwa. Sikujua la kufanya, nikawasha kifaa changu. Akavitazama vitaa vikipanda na kushuka.

"Mama yako yuko wapi hapo?"

Kifaa changu hakiwezi kumtenganisha mtu na wanakwaya wenzake. Nikaweka kidole kwenye safu ya pili kutoka mwisho, upande wa kulia. Baba akavuta kiti, akaitazama hiyo moja tu mpaka kanda ikaisha, kisha akaniomba niigeuze upande wa pili.