Rangi Mbili za Bi Somoe

Mpaka leo nikipita soko la Olumbi najifunika kanga mpaka puani, maana kwa aibu ile sina wa kumlaumu ila mdomo wangu mwenyewe.

Mimi nilikuwa mkalimani wa dotora mmoja, daktari kutoka Maputo, mama mpole, Kiswahili hajui hata hodi, alikuja kwetu na chanjo ambayo bado inajaribiwa, ya homa ya matumbo, hii ya siku hizi iliyo sugu, unameza dawa wiki nzima vijidudu vyake hata havishtuki. Kina mama wakanisikiliza, wakanong'onezana, wakasema, "Sawa, Sauda, ila wewe kwanza. Ukikaa kwenye kiti cha sindano wewe, na sisi tutakaa." Nikaapa. (Nani aliniambia niape?) Dotora alishasema asipopata watu hapa ataihamishia kazi Mocímboa, na mimi homa hiyo ilinichukulia mdogo wangu, sikutaka chanjo iende kokote.

Basi siku moja kabla ya kuchanjwa, jino likanishika, shavu likaumuka, nikaenda kwa jirani yangu Bi Somoe, anayeuza vidonge vya rangi mbili, dawa ya kuua bakteria, kimoja kimoja pembeni ya samaki wake wakavu, nikameza vinne. (Ndiyo, mimi niliyezunguka mji mzima nikiwakataza watu kumeza rangi mbili ovyo.)

Asubuhi nimekaa kwenye kiti, watu wamejaa, dotora akaniuliza kwa Kireno kama siku za karibuni nimemeza dawa ya kuua bakteria, maana aliyemeza hapokelewi. Nikaona yale macho yote. Nikajibu, "Não," yaani hapana, sijameza.

Bi Somoe akainuka huko nyuma, kwa huruma yake yote: "Mwanangu, jino limepoa? Rangi mbili zangu zimekusaidia?"

"Bibi anasemaje?" dotora akauliza.

"Anauliza kama sindano inauma."

"Mwambie inauma kidogo tu, itapita."

Nikamgeukia Bi Somoe. "Linauma kidogo tu, litapita."

"Bado linauma? Ngoja basi!" Akaja mbele mbiombio, akafungua pindo la kanga, akanitilia mkononi vidonge viwili, nusu vyekundu nusu vyeusi.

Hapo dotora hakuhitaji mkalimani. Akavitazama, akanitazama, akaniuliza taratibu kama nimemeza. Nikasema nimemeza. Akakata jina langu bila ugomvi (heri angenitukana), halafu akaniambia niwaeleze watu kwa nini. Yaani nikasimama kuitafsiri aibu yangu mwenyewe! Nikasema yote, jino, vidonge, na uongo juu yake.

"Tulikubaliana wewe kwanza," akasema mama mmoja, na wenzake wakaanza kuinuka wakikung'uta kanga. Nikajua basi, chanjo imeondoka, na mimi ndiye niliyeifukuza.

Bi Somoe akakikalia kiti. Ikabidi nimuulize swali lilelile: "Bi Somoe, umemeza rangi mbili karibuni?"

"Mimi?" akashangaa. "Mwanangu, mimi nauza, simezi."

Kicheko kilichopigwa pale! Waliosimama wakakaa, mmoja akajipanga nyuma yake, akafuata mwingine, nikaandika majina mpaka mkono ukafa ganzi, na jino bado linapwita.

Nimekoma. Siku hizi kabla sijamkanya mtu najikanya mwenyewe kwanza. Na Bi Somoe sasa anauza samaki tu, akiniona nimeshika shavu ananipigia kelele soko zima lisikie: "Kasukutue maji ya chumvi, mkalimani!"