Oili nyepesi ya fundi Witness

Saa tatu asubuhi, bahari imerudi nyuma na fungu lote la mchanga liko wazi, kuanzia mikoko ya upande wa bara mpaka mchanga wa ng'ambo, jirani na Msimbati. Witness Mwakibete amepiga magoti kwenye tope. Kiganja cha kulia amekibandika kwenye gurudumu la nyuma la kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbia, na midomo yake inacheza.

"…utusamehe makosa yetu, kama sisi nasi tunavyowasamehe waliotukosea…"

Anafika kwenye amina, anatoa mkono. "Inavumilika. Twende, Shafii."

Hayupo kwenye ibada, yupo kazini. Ndani ya gurudumu hilo kuna sanduku la gia zinazozungusha cheni ya kutembelea. Mafundi huliita fainali. Kama kiganja kinaweza kukaa juu yake mpaka Baba Yetu iishe, safari inaendelea. Kikiungua kabla ya amina, mashine inasimama.

Shafii, dereva wake, mzaliwa wa hapa Msimbati, naye hupima kwa Alhamdu. "Yangu fupi," anasema akiwa juu kwenye kiti. "Ndiyo maana kwangu mashine haichemki. Huyu dada angekuwa anapima kwa misa nzima, tungekuwa bado tupo nyumbani."

Kwa kawaida Witness humjibu, na humjibu vizuri. Leo macho yake yako baharini.

Kijiko kilikuwa ng'ambo kikipanga mawe ya ukuta wa kuzuia mmomonyoko. Kazi imeisha, sasa kinatakiwa bara. Lori la kubeba mitambo haliwezi kupita kwenye mchanga huu, kwa hiyo mashine lazima itembee yenyewe, tena siku za bamvua tu, maji yanapotoka mpaka mwisho. Tatizo ni kwamba maji ya bamvua yakitoka mbali, hurudi kwa haraka na kwa wingi. Kitakachokutwa katikati ya fungu kitazama.

Na kijiko hakikuumbwa kwa matembezi. Kinapochimba, fainali zimepumzika. Kinapotembea ndipo zinapochemka. Juu ya hayo, mchanga na chumvi vimekula sili inayozuia oili upande wa kushoto, na oili inavuja. Sili mpya imeagizwa Dar es Salaam. Haijafika.

Hapo ndipo ulipoanza ugomvi wa oili.

Mwenye mashine ni Kumail, mfanyabiashara wa Mikindani ambaye familia yake inauza vipuri. Yeye alitaka oili nzito, namba mia na arobaini, ile ya difu, gia za nyuma za malori. Mama yake, Aminabai, huiuza kwa kupima kutoka kwenye pipa, ikiwa kwenye chupa za maji ya kunywa. Huku Kusini ndivyo wengi wanavyonunua. Fundi huinusa, huisugua kati ya vidole viwili, na ikinuka kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi, basi ni oili ya gia. Mjadala umefungwa.

"Oili nzito haipiti kwenye tundu dogo," Kumail alimwambia Witness. "Itakaa humo humo."

"Itakaa, bosi, lakini itachemka. Njia yote ni kutembea."

Witness alimimina oili nyepesi, namba thelathini, aina ya injini, kutoka kwenye ndoo yenye lakiri ya kiwandani. Kwa kijiko cha aina hii, anasema, ndiyo aliyofundishwa chuoni. Lakini chuoni walimfundisha mashine yenye sili nzima. Waliosikia walishika vichwa. Oili ya injini kwenye gia? Huyu fundi katoka wapi?

Katoka Tukuyu. Alisomea ufundi wa mitambo Mbeya, akaja Mtwara na mumewe, Kelvin, mwalimu wa shule ya msingi Rahaleo. Wanaishi Likombe na watoto wawili. Analipwa laki tano kwa mwezi, na mashine ikisimama, malipo nayo husimama. Jana Kumail alimwambia neno moja bila hasira, na pengine ndiyo maana lilimwingia: "Ikibaki majini, Witness, itakayoulizwa ni oili uliyoichagua."

"Sina uhakika," Witness anamwambia mwandishi wa makala haya, akifuta mikono kwenye suruali. "Nzito ingeweza kuunguza gia. Nyepesi inaweza kuisha njiani. Nimechagua, lakini tangu juzi sijalala vizuri."

Katikati ya fungu anapiga magoti tena. "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe, ufalme wako uje—" Mkono unaruka.

"Zima!"

Ukimya unaingia ghafla. Anafungua kizibo cha kupimia, anaingiza kidole. Kinatoka kikavu. Anaongeza oili yote iliyobaki kwenye ndoo, na bado haifiki inapotakiwa. Kwenye kiti cha dereva kuna chupa ya Aminabai, imeletwa kama akiba. Shafii anaishika.

"Tia hii, dada. Maji yanageuka. Mimi nimezaliwa hapa, nayajua haya."

Ni kweli. Vijito vidogo vilivyokuwa vikielekea baharini sasa vimesimama.

Witness anaitazama chupa. Humo ndani kuna nini, hata Aminabai mwenyewe hajui. Pipa hujaziwa juu ya mabaki.

"Hapana. Tutavuta kwa mkono."

Anachotaka ni hiki: Shafii anyooshe mkono wa mashine mbele, achimbie ndoo iliyo mwisho wa mkono huo kwenye mchanga, aivute mashine kwa nguvu ya mkono, cheni zisaidie tu kidogo. Fainali inapunguziwa mzigo. Ni mwendo wa mtu aliyeteguka mguu, anajikokota kwa mikono, na ni wa polepole mno kwa yeyote anayeona maji yakija.

Shafii anasema bismillahi. Mashine inajivuta, inatulia, inajivuta. Witness anatembea pembeni na kiganja kwenye gurudumu, hasali tena, anasema tu "taratibu, taratibu". Maji yanafika kwenye vifundo. Yanafika kwenye magoti. Mwandishi amekwishakimbilia mikokoni na viatu mkononi, wala haoni aibu.

Cheni zinapogusa ardhi ngumu, Shafii anapiga honi ndefu. Witness anakaa chini palepale, analia.

Alasiri, Kumail amefika. Witness anamwonyesha kizibo cha chini cha fainali, chenye sumaku inayonasa vumbi la chuma. Uji mweusi mwembamba kama wanja ni jambo la kawaida. Lakini ndani yake zinang'aa chenga za chuma.

"Gia imeanza kulika," anasema. "Haitembei mpaka sili ije."

"Nimeshawaahidi watu wa Mikindani mashine kesho kutwa."

"Waambie ukweli, bosi."

"Na kama ungetia ile nzito?"

"Sijui. Pengine isingelika hivi. Pengine ingebaki kule." Ananyoosha kidole kwenye fungu. Sasa ni bahari tupu.

Kumail anatoa simu, anawapigia watu wa Mikindani, anaomba radhi. Akimaliza anauliza oili ya kutosha fainali zote mbili ni lita ngapi, na aagize ipi.

Witness ana chumba cha mbele Likombe alichoanza kukipaka rangi. Anataka kuweka humo oili zenye lakiri na sili za mitambo, ili fundi wa Mtwara asisubiri basi la Dar es Salaam huku mashine ikivuja.

"Watu wanadhani nataka utajiri," anasema. "Mimi nataka siku moja nimimine oili, nifunge kizibo, niende nyumbani nikalale usingizi."