Nyuki Waliohama Msalato

Enzi za Mjerumani, reli ikiwa bado haijafika Dodoma, habari ilinikuta Kondoa kwamba dada yangu Hadija anarudishwa nyumbani. Nyuki wa ukweni kwake, Msalato, walikuwa wamehama mizinga yote mitatu, na mama mkwe wake alisema mkosi umeingia pamoja na bibi harusi. Nilikasirika. Nimerina asali tangu sijaota ndevu; nani wa kunifundisha nyuki? Nikafunga safari.

Siku ya tatu nilivuka mbuga ya Haneti, nyasi kavu zikinifika kiunoni. Nyuki mmoja alikuwa kwenye ua la mgunga, miguu imejaa chavua. Chini yake, kwenye bua la nyasi, nondo wa rangi ya majivu alikuwa amelala. Nyuki hufanya kazi juani, ana mwiba, na akitoka hurudi kwao. Nondo hungoja giza, hana silaha, wala sijapata kumwona akila. Walaji ni watoto wake. Papo hapo nikajua aliyewafukuza nyuki wa Msalato.

Jioni ya siku ya nne nikafika. Hadija alisimama mlangoni pa tembe, mzigo wake umeshafungwa.

"Shikamoo kaka. Kesho naondoka."

"Marahaba. Huendi popote."

Mama mkwe akanikaribisha ugali. "Kula kwanza, mgeni. Maneno hayaozi."

Asubuhi nikashusha mzinga wa kwanza. Ndani utando mtupu, na viwavi weupe kwenye masega.

"Mkosi wenu huu hapa, mama," nikasema kwa sauti ya mshindi. "Nondo hutaga kwenye masega makuukuu. Wanawe wakila nyumba, nyuki huhama."

"Masega makuukuu yametoka wapi? Sisi tukirina tunakwangua yote."

Nikaugeuza mzinga. Ubavuni niliiona alama ya kisu changu. Ulikuwa zawadi yangu ya harusi, na kwetu mzinga wa zawadi hautolewi mtupu. Huachwa masega ya zamani ili baraka isikatike. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikinyamaza, lawama ingebaki kwa Hadija.

"Nondo nimemleta mimi, mama. Dada yangu hana kosa."

Mama mkwe akaiinamia ile alama ya kisu, kisha akanigeukia.

"Basi wa kuzuiwa ni wewe. Utakaa hapa mpaka nyuki warudi. Hadija, fungua mzigo wako."

Nilikwangua na kufukiza mizinga yote, maana nondo walikuwa wameenea hadi kwenye ile mingine miwili. Nyuki walirudi na mvua, nami nikarudi Kondoa baada yao. Siku hizi mzinga wa zawadi nautoa mtupu, na anayelalamika namwelekeza Msalato, kwa mama yule.