Tete la Kila Alasiri

Tete bichi la ziwani, ukilivunja, linatoa harufu ya tope na maji, na kwa mbali kidogo harufu ya tango. Sikuwahi kuwa mtu wa kwenda mbali. Dunia yangu ilikuwa baraza letu pale mjini Mwanza, na mengine yote ilibidi yanifuate nyumbani. Katika miaka ile ya mwisho kabla ya Uhuru, tete lilinifuata kila siku baada ya sala ya alasiri. Baba alilileta, mama akalichomeka kwenye kopo la samli kando ya mlango, nami nikalinusa na kujiambia kwamba baba yangu atapona.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani tangu asubuhi, miguu kwenye pedeli, kikombe karibu na mkasi, na chai yake ilikuwa tamu hata nyuki walimfahamu. Alipoanza kukonda huku akimaliza mtungi wa maji peke yake, alikwenda hospitali, akarudi na maagizo. Sukari imezidi mwilini. Aache vitu vitamu, apunguze kukaa, atembee kila siku mpaka ziwani na kurudi. Asipofanya hivyo, daktari alimwambia, iko siku kidonda kidogo tu kitamchukulia mguu.

Mama hakuwa mtu wa kufanya jambo nusunusu. Alifungia sukari ndani ya sanduku lake la nguo, akatangaza kwamba nyumba nzima tutakunywa chai bila sukari, maana haiwezekani sisi tufaidi na baba anatazama. Maandazi yakahama, mchicha ukahamia. Nilikuwa na miaka tisa, nikipenda utamu kuliko nilivyopenda shule, na uji wa asubuhi usio na sukari niliumeza kama dawa ya minyoo. Lakini niliumeza. Niliamini kila bakuli langu linamwongezea baba siku. Kwa upande wa matembezi, mama alitaka ushahidi. "Kila siku uniletee tete moja, Baba Asha," alisema. "Bichi. Najua matete hayaoti sokoni." Baba akacheka, akavaa kofia, akaenda.

Siku moja akasahau hiyo kofia. Mama akanituma nimkimbilie, mimi ambaye kwenda chooni tu nilikuhesabu kuwa safari. Nilifika ufukweni hoi, nikakuta wanawake wanaanika dagaa juu ya mawe. Nikawauliza kama fundi amepita. Mmoja akasema kwa huku hawajamtia machoni tangu mfungo wa Ramadhani. Nikageuka, kofia mkononi, nikidhani ameanguka njiani. Nilipokuwa nakatiza uchochoro wa Bwana Hemedi, fundi viatu aliyekuwa rafiki wa baba, nikasikia kicheko ninachokijua. Baba alikuwa amekaa mkekani miguu mitupu, sahani ya kalimati mbele yake, shira inamchuruzika vidoleni. Mchuuzi wa samaki alikuwa ndiyo kwanza ametua kikapu chake, na juu ya sato wake lilikuwa limelazwa tete moja, bichi.

Baba hakushtuka. Alisogea tu kunipisha. "Njoo ule, mama," akaniambia. "Umechoka."

Mngependa kusikia kwamba nilikataa. Nilikula tano. Kisha baba akanipa lile tete nimshikie, na tulipofika nyumbani mimi ndiye niliyemkabidhi mama. Mama akanipapasa kichwa, akafurahi kwamba mvivu wake naye ameanza kutembea, na tangu hapo akanipa kazi ya kumsindikiza baba kila siku. Kila siku tukala kalimati, kila siku nikabeba tete. Na uji wa asubuhi niliendelea kuunywa bila sukari, kwa uso wa mtoto mwema.

Msumari aliukanyaga palepale kwa Bwana Hemedi. Hakuusikia hata kidogo. Mama alipokuja kukigundua kidole, kilikuwa kimeshakuwa cheusi, na hospitali waliukata mguu chini ya goti. Mama alisimama kando ya kitanda, akauliza kwa sauti ya chini imekuwaje, na matembezi yote yale. Baba aliutazama ukuta.

"Muulize mwanao," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa anakuletea matete."

Nilingoja aongeze neno. Hakuongeza. Mama hakunipiga. Tulipofika nyumbani alifungua sanduku, akatoa sukari, akaiweka mbele yangu pamoja na kikombe. "Haya," akasema, "kunywa."

Uhuru ulipokuja, mji mzima ulitoka kutembea na kuimba. Mimi nilibaki barazani na baba, aliyekuwa anashona bendera kwa mguu mmoja. Aliniomba nimshikie kitambaa kisivutike, kile cha kijani na cheusi na dhahabu. Nikashika, bila kumtazama. Nilimngoja aseme, nikamngoja mpaka nikamaliza kidato cha nne, mpaka nikaolewa. Tulimzika hajasema.

Sasa naishi Buswelu, na sukari nayo imenifuata nyumbani kama mengine yote. Maagizo ya kliniki ni yaleyale ya baba. Hata kuambiwa nikague nyayo na nisitembee peku hakukuwa kugeni kwangu. Kilichobadilika ni ushahidi. Binti yangu aliyeko Sengerema amenipa simu inayohesabu hatua, na kila jioni hunipigia kuuliza ni ngapi. Juzi mwanawe ninayeishi naye, mwenye miaka tisa, aliniona nimegandamana na kiti.

"Bibi, nipe simu nikakutembezee," akasema. "Naruka tu hapa uani. Mama hatajua."

Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa. Nakiri kwamba simu nayo ilikuwa imeshatoka kwenye pindo la kanga. Nikakitazama kile kiganja kwa muda, kisha nikamwambia aniletee viatu. Tulikwenda mpaka dukani na kurudi, nikilalamikia kila jiwe, naye akinicheka njia nzima. Simu niliishika mwenyewe. Yeye hakubeba kitu.