Nilivyoisukuma Mashine ya Kupima Mifupa

Jamani, mimi ndiye nilikuwaga nawasema watu wanaofanya ujinga hospitalini. Leo nisemeni mimi.

Niliteleza shambani kwangu Nyasura, nyonga ikauma. Binti yangu Nyamisi akanipeleka hospitali ya Musoma kwenye skani, ile mashine inayopiga picha za mifupa. Alishaniambia wazi: "Mama, wakikuta mfupa dhaifu, jembe basi. Mihogo atalima mwingine." Sasa mimi bila jembe ni nani?

Mpiga picha akanieleza kwamba mashine itapima nguvu ya mfupa, ijulikane utabeba uzito gani kabla haujavunjika. Akanilaza, akanifunika shuka, akaniambia nitulie, akatoka. Nikajiambia, nguvu ya mtu haipimwi akiwa amelegea kama dagaa wa juzi. Ile mashine ilipoanza kuvuma, nikauma meno, nikakisukuma kile kitanda cha mashine kwa visigino mpaka jasho likanitoka.

Nikatoka najisifu. Baadaye kidogo daktari akatuita, uso umembadilika.

"Bibi, usisimame! Nyonga imepasuka. Ona huu mstari."

Nyamisi akapiga yowe. Kiti cha magurudumu kikaletwa mbio.

Daktari akainamia tena kompyuta. "Hebu ngoja. Mbona kila mfupa unaonekana mara mbili? Bibi, ulikuwa unatikisika?"

"Sikutikisika. Nilikuwa nasukuma."

"Unasukuma nini?"

Nyamisi akanigeukia.

"Mashine, daktari. Si mlisema inapima nguvu?"